Ngonjera ya Bibi Harusi, Zawadi Kutoka Ihumwa



Msimu wa harusi ukiingia huwa tunaulizwa mengi: singo ikae siku ngapi, piko isiyobabua ngozi inauzwa wapi, nguo ya akadi iwe nyeupe au ya kijani. Hayo tutayajibu siku nyingine, inshaallah. Leo tuna neno juu ya mafunzo ya mwari, na ili tuliseme vizuri inabidi tuwapeleke Dodoma, kwa mwalimu mmoja wa Kigogo aliyefariki mwaka 1969. Hakuwa Muislamu, hakuwa mtu wa pwani, wala hakuandika juu ya harusi zetu. Lakini ametuachia kitu ambacho sisi wanawake wa visiwani tunakitumia kila mwaka bila kumtaja, na tunadhani tunakitumia nusu tu.

Kitu chenyewe ni ngonjera. Nani kati yetu hajawahi kusimamishwa mbele ya wazee siku ya maulidi ya madrasa, mtandio umebanwa kwa pini mpaka masikio yanauma, akaghani beti zake huku mwenzake akimjibu? Mmoja anajifanya hajui faida ya elimu, mwingine anamwelimisha. Mmoja anasema sala ni nzito, mwingine anamtoa wasiwasi. Mama zetu waliokaa mkekani wanatoa machozi, na mwalimu nyuma ya pazia anakunong'oneza mstari uliousahau. Tumeyakuta hayo tukadhani yamekuwapo tangu enzi za Sayyid Said. Kumbe la. Kujibizana kwa mashairi ni kwa zamani sana katika Kiswahili, hilo kweli, lakini ngonjera kama tunayoijua, iliyotungwa makusudi isemwe na watu wawili au zaidi mbele ya hadhara, wakati mwingine kwa vitendo, ili hadhara ile ijifunze jambo, wahakiki wanamnasibisha nayo Mathias Eugen Mnyampala.

Alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, Dodoma. Ukitoka Dodoma mjini kwenda Dar es Salaam unaipita Ihumwa, na jirani yake ni Mtumba, ambako sasa umejengwa Mji wa Serikali. Wakati ule ilikuwa nchi ya mifugo, mtama na mibuyu. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo. Kiswahili alikipata shuleni, kwa wamisionari wa Kikatoliki, na Kiswahili chenyewe kilikuwa chetu: mwaka 1928 wakoloni walikaa Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja ndicho kitakachosanifiwa na kufundishwa shuleni Afrika Mashariki. Mtoto wa Ihumwa alikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Basi yale maneno ambayo bibi zetu Ng'ambo na Malindi waliyasema wakichambua mchele, yeye aliyapata kitabuni, ubaoni, kwa kukariri.

Tukikaa nalo hilo tunastaajabu. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha karani wa serikali, baadaye akawa hakimu. Kati ya kazi hizo alijifunza vina na mizani mpaka akawa miongoni mwa malenga wakubwa wa karne yake. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na alikiandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo wala kwa Kiingereza. Mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Alichukua hata utenzi, umbo ambalo mababu zetu walilitumia kusimulia vita vya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na habari za maswahaba, akasimulia kwalo Injili na Zaburi za dini yake. Katika imani hatuko naye, na hatuna haja ya kujifanya tuko naye. Ila ukitazama ufundi tu, utaona mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa adabu, akavua viatu mlangoni, akajifunza kila chumba, mwisho akaongeza chumba chake.

Na hakuwa peke yake. Hebu hesabuni malenga wakubwa wa Tanganyika ya siku zile. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954 mpaka leo kinatumika kuwapima watungaji, alikuwa mtu wa Ujiji. Saadani Kandoro naye wa Ujiji. Mnyampala wa Dodoma. Shaaban Robert ndiye wa pwani, wa Tanga, naye hata hivyo ni mwana wa Kiyao. Tunalisema hili kwa sababu visiwani tuna kaugonjwa. Msichana akichumbiwa na mtu wa bara, swali la kwanza la mashangazi si la dini wala la tabia, ni "Kiswahili chake kikoje?" Akikosea ngeli moja, ameshachekwa mwaka mzima, na jina la utani juu. Lugha iliyotunzwa na Mgogo, tena kwa sheria za vina alizozipanga mtu wa Ujiji, sisi tunaifanya fimbo ya kuwapigia wakwe.

Turudi kwenye mafunzo ya mwari.

Mwalimu mkubwa wa mabibi harusi katika Kiswahili, kama mnavyojua, ni Mwana Kupona binti Msham. Utenzi wake aliutunga mwaka 1858, naye ni mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Una beti mia na kidogo. Somo gani asiyeujua, ijapokuwa kwa kusikia tu? Ni wasia wa mama anayeona siku zake zimekwisha, na kila anayeusoma kwa utulivu hupata huzuni. Lakini angalieni umbo lake. Mama anasema, mwana anasikiliza. Beti zote zile binti haulizi kitu. Kwa mama aliye kitandani hilo linaeleweka, maana wasia si mazungumzo. Tatizo letu ni kwamba tumeuchukua mtindo wa wasia tukaufanya ndio mtindo wa mafunzo yote. Mwari anafungiwa ndani, anapakwa singo, anawekewa udi, na kila aingiaye anatoa nasaha. Somo anasema, shangazi anasema, jirani aliyeachwa mara mbili naye anasema. Mwari kainamisha kichwa. Akiinua macho ataambiwa hana haya.

Wako watakaotukumbusha hadithi inayojulikana kwa wote, kwamba mwanamwali hutakwa idhini na ukimya wake ndiyo ridhaa yake. Naam, imepokewa na Bukhari na Muslim, wala hatuna shaka nayo. Lakini isomeni tena. Hadithi ile ni amri ya kumuuliza. Kwanza linakuja swali, ndipo ukimya ukawa na maana. Binti ambaye hakuulizwa, ukimya wake haujawa jibu la kitu chochote. Na kuna umbali mkubwa baina ya haya ya kutamka "nakubali" mbele ya baba yako, na kutojua kama utaruhusiwa kumaliza chuo.

Wanawake wa mwanzo katika Uislamu hawakuwa mabubu. Khawla binti Thaalaba alimwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kumshitakia mumewe aliyemfanya kama mgongo wa mama yake, akajadiliana naye, akarudia shauri lake kwa Mola wake, na Qur'ani ikateremka kwa ajili yake. Sura yenyewe, ya 58, inaitwa Al-Mujadila, mwanamke mwenye kujadiliana. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao, na sifa hiyo, kwa mapokezi ya Imam Muslim, inakuja pale mwanamke alipouliza namna ya kujitwaharisha baada ya hedhi. Kama hilo liliulizika mbele ya Mtume, bibi harusi wa leo hawezije kumuuliza somo yake nani atalipa kodi ya nyumba?

Hapa ndipo Mnyampala anapotufaa. Ngonjera haiendi bila muulizaji. Hata mtoto wa miaka saba anajua kwamba akinyamaza wa kwanza, wa pili hana la kujibu. Kwa hiyo tunapendekeza: katika siku za mafunzo, badala ya nasaha zote kutoka upande mmoja, mwari apewe beti zake. Azitunge mwenyewe, au amsaidie mdogo wake, au rafiki yake mwenye kipaji. Ajitungie maswali yanayomkosesha usingizi, somo ajibu, na wanawake waliokaa mkekani wasikie. Kilichotamkwa kwa vina hakionekani utovu wa adabu. Jambo ambalo angeliona aibu kulisema kwa maneno makavu, ataliimba, na watu watapiga vigelegele.

Mwenye macho atatuuliza, mbona ngonjera mnazozisifia zilikuwa za siasa? Ni kweli, na hatutaki kulifunika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walitakiwa wawaeleze wananchi siasa ya ujamaa, na Mnyampala aliifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Ngonjera zake zilichapishwa baada ya kufa kwake, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971, kwa jina la Ngonjera za UKUTA, yaani chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Wanafunzi nchi nzima walizighani. Na ngonjera za namna ile zina kasoro ambayo sisi tunaiona hata katika zile za madrasa zetu: anayeuliza hushindwa haraka mno. Anaingia na ubishi, anapewa beti mbili tatu, mara ameshasema nimeelewa, nisameheni, tuko pamoja. Jibu lilijulikana kabla ya swali. Kwa kuhimiza kilimo pengine inatosha. Kwa ndoa haitoshi. Kuna maswali ya bibi harusi ambayo somo hana jibu lake, na kuna mengine ambayo mwari ndiye mwenye haki. Ngonjera yetu iwe na nafasi ya somo kusema "hilo nalo, mwanangu, hebu tukaulize."

Tutoe mfano wa hapo hapo kwa Mnyampala. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, watu wakangoja mpaka wakachoka, halafu kuanzia mwaka 2016 serikali ikahamia kweli. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007. Mabinti wa Unguja na Pemba wanasoma kule, na vijana wetu walioajiriwa katika wizara za Muungano wako Mtumba, hatua chache kutoka alikozaliwa yule mwalimu wa Kigogo. Hivyo posa za siku hizi zinakuja na safari. Bwana harusi ana kazi Dodoma, bibi harusi ana duka Darajani, au ana mama mwenye kisukari Wete, au amebakiza mwaka mmoja wa masomo. Je, atahama? Lini? Na akikataa?

Hili si jambo la kuliachia siku ya kufunga mabegi. Katika hadithi sahihi tumeambiwa masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ya ndoa. Lakini juu ya sharti la mke kutohamishwa mji wake wanazuoni wametofautiana: wanaomfuata Imam Ahmad wanaliona linamfunga mume, na Mashafi, ambao ndio sisi wengi wa huku, hawalioni hivyo ingawa ndoa yenyewe ni sahihi. Maana yake ni kwamba msichana wa Kizanzibari akidhani ahadi ya mdomo imemlinda, huenda amejilaza juu ya mto wa upepo. Walii wake amwendee sheikh au kadhi kabla ya akadi, si baada. Na mahari aliyopewa ni yake mwenyewe, Qur'ani imesema hivyo katika Suratun Nisaa, si ya kulipia lori la kuhamisha vyombo.

Na wale mnaokwenda kwa ridhaa yenu, msiende mkilia kana kwamba mnapelekwa jangwani. Dodoma ina vumbi, hatubishi. Mvua ni ya msimu mmoja, usiku wa Juni na Julai unaomba blanketi, na samaki wa kukaanga jioni utamkumbuka. Ila adhana utaisikia. Msikiti wa Gaddafi unaonekana kutoka mbali. Kondoa, kaskazini ya hapo, Warangi ni Waislamu tangu mababu. Zabibu utazinunua barabarani kwa bei ambayo Forodhani hawaijui. Utajifunza kula mlenda kwa ugali wa uwele, na ule ubuyu tunaoupaka rangi nyekundu na kuutia sukari, utauona umening'inia mtini. Wanawake wa Kigogo wana ngoma yao, muheme, na wapigaji ni wao wenyewe, ngoma wameibana kwa mapaja. Sisi tuliozoea kuwakodi wanaume watupigie kidumbaki tulipoiona tulitazamana.

Kwenye harusi moja kule, bibi harusi wa Unguja na bwana harusi wa Kirangi, tulisikia ngonjera ya mabinti wawili wadogo. Mmoja alishika upande wa pwani, mwingine upande wa bara, wakibishana nani amepata na nani amepoteza. Yule wa bara alikuwa mkali, ndugu zetu. Alimwambia mwenzake kwa vina vilivyotimia kwamba wao hawakuja kuchukua mtu, wamekuja kuongeza jamaa. Mashangazi waliotoka huku, wale wale wa "Kiswahili chake kikoje", walikuwa wa kwanza kusimama kumtunza. Hatukumuuliza nani aliyemtungia, tulikuwa tunafuta macho.

Mkitaka kuanza, hiki hapa kianzio tulichotunga wenyewe, mkibadilishe mpendavyo. Mwari anasema:

Somo yangu niambie, nina jambo nawazia,
Kule bara nihamie, mume anakohamia?
Kazi yangu niachie, au nitaendelea?
"Nyamaza" usinambie, hilo sitalipokea.

Na somo anajibu:

Neno lako la thamani, mwanangu nimelipata,
Usilifiche moyoni, kesho likazua vita,
Lisemwe huku nyumbani, kabla akadi kupita,
Mume mwema wa imani, kukujibu hatasita.

Mizani ni kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, vina katikati na mwisho. Ukihesabu kwa vidole hutakosea. Beti sita mpaka nane zinatosha, maana zikizidi wageni wataanza kuangalia sinia. Msitie siri za ndani. Hayo yabaki baina ya mwari na somo yake, mlango umefungwa. Maswali ya mji wa kukaa, masomo, kazi, mama mkwe, malezi ya mtoto wa mke wa kwanza kama yupo, hayo ndiyo ya mkekani. Na yafanywe wiki mbili kabla ya akadi, si usiku wa kesha, kusudi likitokea la kumpelekea walii au kadhi uwepo muda wa kulipeleka.

Masomo nao tuna ombi kwao. Mkishapokea beti za mwari, msizisahihishe maana. Sahihisheni mizani tu.